Kioo cha Mae na gunia la saa sita

Wiki iliyopita fundi alikuja kwangu Hamugembe kufunga sola. Kijana mcheshi, ameziba masikio kwa muziki, akaishusha paneli kutoka kwenye pikipiki na kuilaza chini juu ya majani mabichi ya mgomba ili isikwaruzike, kisha akapanda batini kupima. Jua lilikuwa kali. Haukupita muda majani yale yakaanza kuiva chini ya kile kibao, na harufu ikapanda mpaka kibarazani: jani bichi linalotokota bila moto, na ndani yake vumbi lililoungua. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nikakaa pale pale kwenye ngazi, chai ikanimwagikia mapajani.

"Mama, vipi? Presha?" akauliza kijana kutoka juu.

"Presha ya nani? Funga sola yako."

Ningemwambia nini? Kwamba hiyo ni harufu ya mama yangu? Angeshuka mbio akanitafutia gari la hospitali. Lakini nyie wa rika langu mliokulia Muleba miaka ile baada ya vita, wakati kila kilima kilikuwa na nyumba iliyofungwa na migomba iliyokosa mtu wa kuipogoa, nyie hamtaniona mwehu.

Kwetu ni Buganguzi. Tata, yaani baba yangu, alikuwa fundi redio. Kazi hiyo alijifunza jeshini, na aliporudi kutoka vitani Uganda akiwa mzima, Bibi, mama yake, alimshukuru Mungu kila asubuhi kwa sauti, utadhani Mungu ana shida ya masikio. Baadaye mzungu mmoja wa mradi wa maji alipofungasha kurudi kwao, alimwachia Tata sola yake. Ilikuwa ndogo kuliko mlango wa jikoni, na fremu yake ilikuwa imepinda kona moja. Si mnatujua Wahaya kwa kujisikia? Mwezi mzima Tata alipita njiani kama mtu aliyenunua ndege.

Watu wakaanza kuleta betri zao za gari kuchajiwa, wakizibeba kichwani juu ya ngata ya majani makavu. Walizitaka kwa ajili ya redio, na redio yenyewe siku hizo haikuwa ya muziki. Ilikuwa ya matangazo ya vifo. Saa ya matangazo ikifika, kijiko kilisimama mdomoni. "Fulani wa Dar es Salaam anasikitika kutangaza kifo cha mdogo wake kilichotokea... Habari ziwafikie..." Halafu majina, mengi mno, na vijiji vyetu. Waliotoka kwenda kutafuta maisha Mwanza, Kampala, visiwani kwa wavuvi, ama walirudi nyumbani kulala kitandani, ama walirudi kwa njia ya redio. Ugonjwa wenyewe haukutajwa. Mwanzoni watu waliuita Juliana, kama vile vitambaa vya magendo vilivyokuwa vikipendwa, baadaye hawakuuita chochote. Walisema tu, "Ni ile."

Betri zikawa nyingi, sola ikawa ile ile ndogo, na mawingu ya masika hayakuwa na huruma. Ndipo Tata akapata wazo lake la vioo. Alisimamisha kipande cha kioo pembeni mwa sola, uwanjani tulipokuwa tukianika kahawa, akakigeuzageuza mpaka jua likarushwa juu ya paneli. Mshale wa mita yake ukaruka. "Koku! Njoo uone!" aliniita, akanibeba begani, akazunguka uwanja mzima akiimba. Tukaanza kutafuta vioo.

Alidhani atabembeleza. Kioo kilikuwa kitu cha maana, kitu cha harusi. Lo! Watu walitoa vioo kama wanaotupa maganda ya ndizi. Ma Justina, jirani yetu wa chini, alileta cha kwake akiwa amekifunga kwenye khanga, wala hakungoja shukrani. Ta Rwegasira, yule mzee wa ng'ombe, aling'oa kioo cha mlango wa kabati akaja nacho mgongoni. Kingine kikatoka kwa mwalimu wa kwaya. Kioo kimoja tu Tata alikataa kukitoa: chake cha kunyolea, cha duara, kidogo kama kisosi, kilichoning'inia kwa waya kwenye nguzo ya baraza.

"Hiki ni cha ndevu zangu," alisema. "Sola itafute chake."

Aliyechukia mambo hayo ni Bibi. Kila akipita uwanjani alifunika uso kwa upande wa khanga, na siku moja, tukimenya ndizi, akaniambia kwa nini. Wakati wa vita, alisema, askari wetu walipita na amri: kila kinachong'aa kiingizwe ndani. Sufuria, mabati yafunikwe majani, na vioo, vioo hasa. Ndege ya adui ikiona kitu kinametameta chini, inajua hapo pana watu, inaangusha.

"Kioo kikitazama mbingu kinaita," alisema Bibi. "Baba yako alikuwa mwanajeshi, anajua. Sasa amekaa anaita."

"Vita si vimekwisha, Bibi?"

"Nani kakwambia?" akasema, akaendelea kumenya.

Mimi nilizaliwa vita vikiwa vimeisha, ila maneno yale yalinikaa tumboni kama kiporo kilichochacha. Kwa sababu haukupita muda nikaanza kuona. Mwana wa Ma Justina, yule aliyekuwa akituletea peremende kutoka mjini, alikufa baada ya kioo chao kuja kwetu. Binti wa Ta Rwegasira naye akafa. Kwa mwalimu wa kwaya walilia vilio viwili, mke kwanza, mwalimu mwenyewe baadaye. Nilivitazama vile vioo vimejipanga uwanjani vikiwa vimeinua nyuso, nikajua kabisa, kwa akili yangu ya mtoto, kwamba kitu fulani kule juu kinavisoma. Kinajua kila kioo kimetoka nyumba gani. Ndege za vita zilikuwa na kelele, hii ya sasa haikuwa na kelele, basi.

Sikumwambia mtu. Ungemwambia nani? Tata mwenyewe alikuwa na shughuli nyingine, kwa sababu vioo vilikuwa vimeanza kumtia hasara. Mchana mmoja wa kiangazi tulisikia harufu ya kuungua, tukakimbia, tukakuta sola ya moto kiasi cha kuchoma vidole, na mshale wa mita umeanguka.

"Jua limepungua?" niliuliza.

"Limezidi." Tata alichuchumaa akakuna kidevu. "Hii kitu ni kama mtu, Koku. Mwenye njaa ukimpa chakula atalima. Ukimshindilia mpaka kooni atalala. Mwanga inautaka, joto haliitaki, na mimi nimeipa vyote pamoja."

Basi akaanza vita na joto. Aliiondoa sola kwenye kipande cha bati ilipokuwa imelala chini, akaijengea kichanja cha miti ili upepo upite chini. Chini ya kichanja akapanga magamba mabichi ya mgomba, yale yanayokaa na maji baridi ndani yake, akawa anayabadilisha kila asubuhi. Maji alikataza kabisa kuyamwaga juu ya sola ikiwa ya moto, kioo chake kingepasuka. Na saa za adhuhuri, jua likiwa utosini, vioo vyote vilitakiwa kufunikwa magunia ya kahawa mpaka jua litakapoanza kuinama. Kazi hiyo akanipa mimi. Kivuli cha nguzo ya baraza kikirudi miguuni mwa nguzo, nilisikia sauti yake popote alipo: "Koku! Gunia!"

Niliipenda kazi ile kuliko mchezo wowote. Tata alidhani nina bidii. Mimi nilikuwa nawaficha watu. Kila gunia nililotandaza nilijisemea, hapo sasa, tafuta. Mara nyingine nilifunika kabla ya wakati na kufunua kwa kuchelewa, Tata akanipigia kelele kwamba betri za watu zitalala njaa. Heri zilale, nilisema moyoni.

Sasa nije kwa Mae.

Mae ni mama yangu, ndivyo tulivyomwita Kihaya. Alikuwa mwanamke wa kucheka. Ukiwa kisimani unamsikia akicheka nyumbani. Alikuwa na kioo chake cha harusi, cha fremu ya mbao, kona moja imechorwa ua jekundu, na kila Jumapili alisimama mbele yake akisuka nywele na kumsema kila aliyevaa vibaya kanisani wiki iliyotangulia. Kisha akaanza homa. Homa ikaenda ikarudi, ikaja na vidonda vya mdomo, ikaja na kuhara. Kitenge chake kikawa kinamzunguka mara mbili. Wakamhamishia chumba cha nyuma, ambacho dirisha lake linatazama uwanja wa kahawa, na asubuhi vioo vya Tata vilirusha viraka vya mwanga kwenye dari juu ya kitanda. Mae alivipenda. Alikuwa akivitazama vikitambaa taratibu. Mimi viliniogopesha kiasi cha kukosa hamu ya uji, maana niliona sasa vimemfikia.

Asubuhi moja niliingia kumpelekea maji ya kunawa, nikaona msumari ukutani hauna kitu.

Nilitoka mbio. Kilikuwa kule uwanjani, cha tatu kutoka mwisho, ua jekundu limeelekea juu. Tata alikuwa amepiga magoti akikirekebisha kwa kijiwe.

"Tata, hicho ni cha Mae."

"Najua ni cha nani."

"Kirudishe. Tata, nakuomba, kirudishe ndani."

"Koku, nenda ukamsaidie bibi yako."

"Kitamwita! Kirudishe!"

Akageuka akanifokea, kitu ambacho hakuwahi kunifanyia, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa kwenye moshi. Nilikimbilia kwa Bibi. Bibi, aliyekuwa akivilaani vioo asubuhi na jioni, siku hiyo hakuvilaani. Alinivutia mapajani, akanipa ndizi mbivu, kama natakiwa kunyamazishwa kwa ndizi. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Siku zilizofuata nilikuwa na jambo moja tu kichwani: kioo cha Mae kirudi msumarini kabla hakijasomwa. Nilijaribu kukifunika peke yake kwa jani, Tata akalitoa. Nilikigeuza kitazame chini, akakigeuza. Mwishowe nikangoja saa yangu, saa ya gunia. Tata alikuwa ameshuka kwa Ma Justina na betri kichwani, Bibi yuko jikoni. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kile cha tatu kutoka mwisho. Fremu ilikuwa ya moto, ikanichoma viganja. Nikakifunga kwenye gunia, nikakikumbatia, nikaingia nacho chumba cha nyuma.

Mae alikuwa amelala. Nilipanda kwenye kigoda, nikakitungika kwenye msumari wake, mkabala na kitanda, nikakifuta vumbi kwa gauni langu. Jamani, nilikuwa na furaha! Niliteremka nikasimama pembeni kama askari aliyeteka mji. Aliamka kwa ile sauti ya kigoda.

"Umeleta nini, Koku?"

"Kioo chako. Nimekifuta."

Alijiinua kwa viwiko, akatazama. Alitazama muda mrefu. Hakupiga kelele, hakufunika uso. Aliinamisha kichwa upande mmoja, kama anavyofanya mtu aliyebishiwa hodi na mgeni asiyemfahamu.

"Mawe," alisema polepole, ile "mama yangu!" ya Kihaya. "Kumbe ndiye huyu."

"Nani, Mae?"

"Huyu mnayemlisha uji."

Mimi sikuona ajabu yoyote, kwangu alikuwa Mae tu. Akaniuliza nani kanituma. Nikamwambia hakuna, nimekirudisha ili asife, nikamweleza yote kwa pupa: ndege, amri ya askari, Ma Justina, Ta Rwegasira, mwalimu wa kwaya, na magunia. Mae akaanza kucheka. Alicheka kile kicheko chake cha zamani, kikavunjika katikati kikawa kikohozi, nikamshikia kopo akatema.

"Bibi yako na ndege zake!" alisema alipopata pumzi. "Njoo ukae hapa. Ma Justina alileta kioo lini? Mwanawe akiwa mzima, au akiwa kitandani?"

Nikafikiri. "Kitandani."

"Na yule binti wa Ta Rwegasira?"

"Alikuwa amesharudi kutoka Mwanza. Alikuwa anaota jua na blanketi."

"Umeona sasa. Mtu akianza kukonda hivi, watu wake wanaondoa kioo, asijione. Wanamhurumia. Halafu hawajui wakiweke wapi, wanampa baba yako. Vioo havijamwita mtu, mwanangu. Vinafuata tu."

Nilifurahi, nawaambia kweli. Kwa muda wa kumeza mate nilifurahi kwamba mbinguni hakuna anayesoma. Kisha nikautazama ule msumari.

"Kwa hiyo Tata alitoa chako kwa sababu..."

"Ndiyo," alisema Mae.

Hakunidanganya. Mpaka leo namshukuru kwa hilo, na mpaka leo namkasirikia. Angesema nitapona, nani angemlaumu? Nililia nikiwa nimeweka kichwa kwenye mfupa wa bega lake, nikalia kwa sababu asubuhi ile nilikuwa na kazi ya kumwokoa, na sasa sikuwa na kazi tena. Yeye alinipapasa kisogo akasema, "Lete kitana. Kama ndiye huyu, basi asionekane kama kichaka."

Nilikuwa nikimchana zile nywele zilizobaki, laini kama za mtoto mchanga, ndipo harufu ilipoingia dirishani. Magamba ya mgomba yanatokota, vumbi linaungua. Gunia! Nilikuwa nimelisahau gunia, na vioo vyote vimeachama juani. Nje nikamsikia Tata anapanda kutoka kwa Ma Justina, anaita, "Koku! Gunia! Koku, inaungua!" Akaingia ndani akihema, akafika mlangoni mwa chumba cha nyuma, akaona kioo ukutani. Kisha akaona uso wa Mae ndani yake, unamtazama yeye.

"Baba Koku," alisema Mae, "mbona umeninyima uso wangu?"

"Nilidhani..."

"Najua ulivyodhani."

Tata aliketi ukingoni mwa kitanda, akashika miguu ya Mae kupitia blanketi. Harufu ikazidi kuja. Hakuna aliyetoka. Sola ile ilipata doa la kahawia kona ile iliyopinda, na tangu siku hiyo mshale haukupanda tena kama zamani, lakini sikuwahi kumsikia Tata akililalamikia.

Kioo kilibaki msumarini, kwa amri ya Mae mwenyewe. Alikufa wakati wa senene, wale panzi wa kuliwa, nyasi zikiwa zimejaa watoto wanaopiga kelele na vikapu. Jina lake likasomwa redioni, na lile la kijiji chetu, watu wakiwa wamejaa uwanjani kimya, redio ikinguruma kwa betri yetu. Tukamzika kwenye kibanja, shamba letu la migomba nyuma ya nyumba. Matanga yalipokwisha, Tata alikitoa kioo cha Mae akakirudisha kule nje, cha tatu kutoka mwisho, na safari hii sikumkataza. Nikaendelea na magunia yangu. Kila adhuhuri nilipofika kwenye kile chenye ua jekundu nilijitazama mashavu kwanza, nikayapima kwa vidole, ndipo nikafunika.

Tata alifanya kazi. Alichaji betri, alibadilisha magamba, alinyoa ndevu pale barazani huku akipiga mluzi. Msimu wa kuchuma kahawa akawa anapumzika katikati ya mistari, ameegemea mti, anasema ni vumbi. Alitoboa tundu jipya kwenye mkanda wake kwa msumari wa moto. Usiku nilimsikia anakohoa, na ng'ambo ya ukuta nilimsikia Bibi yuko macho.

Asubuhi moja nilitoka kwenda kufunua vioo nikapita kwenye nguzo ya baraza. Waya ulikuwa unaning'inia peke yake. Nilikwenda uwanjani, na pale pembeni mwa kioo cha Mae, kimeegemezwa kwenye kijiwe kwa uangalifu, kilikuwapo kile cha duara, kidogo kama kisosi. Jikoni mlango ulikuwa wazi. Bibi, ambaye mpaka siku hiyo hakuwahi kugusa hata kimoja cha vile vioo, alikuwa ameketi anamenya ndizi, wala hakuinua macho.

Nilichuchumaa nikakifuta umande, nikakigeuza mpaka jua lake dogo likaangukia sola, kisha nikachukua gunia nikaliweka mapajani, nikakaa hapo hapo kukilinda.